Kitabu Wanachokilia Wote Isipokuwa Mimi

Waliosikiliza kipindi kilichopita wanajua tuliishia pabaya. Nilisema hewani kwamba kuna kitabu kimoja maarufu sana kuhusu watoto waliokimbia vita, nimekisoma mara mbili, na hakijanigusa. Mwenzangu akacheka, muda ukaisha, tukaaga. Tangu siku hiyo simu yangu haijapumzika. Wengi mmeuliza ni kitabu gani. Mmoja ameandika, eti, "Wewe umezaliwa Westmead, utaguswa na nini?" Haya. Safu ya wiki hii ni ya kuwajibu nyote, na huyo wa Westmead hasa.

Kitabu chenyewe ni What Is the What cha Dave Eggers, Mmarekani, kilichotoka mwaka 2006. Kinasimulia maisha ya Valentino Achak Deng, mtoto wa Kidinka kutoka Marial Bai, Sudan Kusini. Kijiji chake kinashambuliwa, anakimbia bila wazazi, anaungana na maelfu ya watoto wengine, wengi wao wavulana, wanaotembea kwa miguu mpaka Ethiopia. Wanakaa kambi ya Pinyudo. Mwaka 1991 serikali ya Mengistu inaanguka, wanafukuzwa, wanavuka mto Gilo huku wanapigwa risasi. Mwisho wanafika Kakuma, kaskazini mwa Kenya, na huko anakulia mpaka anapopelekwa Atlanta mwaka 2001.

Valentino ni mtu halisi na yuko hai. Alimsimulia Eggers kwa miaka kadhaa, na Eggers akaandika kwa "mimi", kama vile Valentino ndiye ameshika kalamu. Lakini jalada linasema ni riwaya, na Valentino mwenyewe ameeleza sababu kwenye dibaji: mambo yalipotokea alikuwa mdogo, hawezi kukumbuka kila neno lililosemwa. Kitabu kilifika fainali ya tuzo ya National Book Critics Circle huko Marekani, na mwaka 2009 kikapata Prix Médicis ya Ufaransa kwa vitabu vya kigeni. Pesa zake zimekwenda kwenye mfuko wa Valentino, uliojenga shule ya sekondari kule kule Marial Bai. Kwa hiyo sitaki mtu aseme nimekuja hapa kumsema Mzungu aliyekula hela za wakimbizi. Hakuzila. Kazi imefanywa kwa heshima.

Sasa mbona sikuguswa?

Nianze na dogo. Ukisoma habari za Kakuma kwa Kiingereza, haichukui muda utakutana na sentensi hii: Kakuma ni neno la Kiswahili lenye maana ya "pasipo mahali". Imeandikwa magazetini, imeandikwa kwenye mitandao, imerudiwa na watu wenye shahada. Wewe unayesoma hapa, nikuulize: neno hilo umelisikia wapi? Mama yako alishawahi kukuuliza umetoka wapi ukamjibu "nimetoka kakuma"? Kakuma ni mji wa Waturkana, na ulikuwepo kabla ya kambi kufunguliwa mwaka 1992. Watu wana visima vyao pale, wana mifugo yao, wana majina ya kila kijito kikavu. Lakini mtu akishaambiwa kwamba lugha ya wenyeji wenyewe inapaita "pasipo mahali", anapumua, anaona hadithi imekamilika. Sentensi hiyo nilikuwa nayo kichwani kila nilipofika sura za Kakuma, na ilinifanya nisome kama mtu anayekagua. Ukishaanza kukagua, huwezi kulia.

La pili ni kubwa zaidi. Mpangilio wa hadithi nilikuwa naujua. Simaanishi matukio, maana mama yangu si Mdinka na hajawahi kuona simba. Namaanisha mpangilio. Kijiji kina amani, vita inakuja, njia, mto, kambi, kambi nyingine, ndege. Kila kitu kina tarehe, kila kifo kina mahali pake. Kwa nini naujua? Kwa sababu ndio mpangilio wa faili.

Wale ambao wazazi wenu wamepita kambini mnanielewa. Mama yangu alitoka Uvira mwezi wa kumi 1996, vita ya kwanza, akiwa na miaka 12. Walishuka kwa miguu kando ya ziwa mpaka Baraka, wakavuka Tanganyika kwa boti mpaka Kigoma, wakapelekwa Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwezi uliofuata kwa ajili yao. Alikaa humo miaka 9. Alikutana na baba humo, dada yangu mkubwa kazaliwa humo. Na kabla ya kupanda ndege kuja Sydney mwaka 2005 alisimulia hadithi yake kwa maofisa tena na tena: wa kuandikisha, wa HCR (Wakongo hawasemi UNHCR, ni HCR tu), wa kupanga nani apelekwe nchi ya tatu, mwisho wa Australia. Kila mara lazima tarehe zilingane na za mara iliyopita. Ukikosea mwezi, unaulizwa. Ukilia sana, ofisa anaangalia saa. Usipolia kabisa, anaandika kitu ambacho hukioni.

Hadithi iliyosimuliwa namna hiyo inakuwa ngumu kama jiwe la mtoni. Inang'aa, haina kona. Mama anayo mpaka leo, naijua kwa moyo, inachukua dakika 7. Ndiyo aliyowasimulia majirani wa kwanza tulipohamia Merrylands, ndiyo aliyomsimulia daktari. Sijawahi kumwona akiisimulia mezani kwetu. Mezani kwetu hadithi huja vipande vipande, bila tarehe, wakati anachambua ndagala: kuna mwanamke alikuwa anauza kahawa kambini, kuna siku mvua ilibomoa nyumba ya jirani wakacheka wote mpaka asubuhi, kuna kijana alikuwa anamtaka hata kabla ya baba yako, mwache huyo. Nilipofungua kitabu cha Eggers, nilitafuta hii ya mezani, nikakuta ile ya dakika 7, imeandikwa vizuri mno, kurasa zaidi ya 400.

Niwe mwadilifu. Eggers si mjinga, na hili analijua. Kitabu kinaanza Atlanta, Valentino ameibiwa nyumbani kwake, amefungwa, na anaanza kuwasimulia wezi maisha yake kimoyomoyo. Kisha anamsimulia mtoto aliyeachwa amlinde, kisha mtu wa mapokezi hospitalini, kisha wateja wa gym anakofanya kazi. Hakuna hata mmoja anayesikia. Ni mpango mzuri sana. Hadithi nzima inasemwa kwa watu wasiojua na wasiouliza. Tatizo ni kwamba mimi si mmoja wao. Mimi niko upande wa jikoni. Sihitaji kushawishiwa kwamba mtoto wa kambini ni mtu, kwa sababu mtoto wa kambini ndiye amenifunga kamba za viatu siku ya kwanza ya shule.

Na ninyi mnajua inavyokuwa tukikutana na vitabu hivi katika nchi hii. Nilikisoma mara ya pili kwa sababu ya kikundi cha kusoma vitabu, kwenye maktaba moja huku magharibi mwa Sydney. Sisemi ipi, watu wale ni wema na wanaleta keki. Nilikuwa Mwafrika peke yangu. Wakina mama wanne walilia wakati wa mazungumzo, wa kweli, na mashavu mekundu. Kila aliyemaliza kufuta machozi aliniangalia mimi. Ilikuwa kama msibani, wanasubiri ndugu wa marehemu aseme neno. Nikasema tafsiri ya mazungumzo ni nzuri. Kimya. Mama anayeongoza kikundi akaniuliza kwa upole kama mama yangu angependa kuja Juni, Wiki ya Wakimbizi, aseme machache.

Kwa wasiojua, Wiki ya Wakimbizi ni mtoto wa mji huu. Ilianza hapa Sydney mwaka 1986, kabla haijaenea nchi nzima, na siku hizi hupangwa kuizunguka tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani. Ina mambo mazuri. Lakini kwa familia nyingi ninazozijua, Juni ni mwezi wa kuombwa dakika 7.

Nilimfikishia mama. Alikuwa anavaa viatu aende zamu, anafanya kazi nyumba ya wazee. Akaniuliza, "Wamesoma hicho kitabu?" Nikasema ndiyo, wote. "Sasa niende niseme nini? Si wameshasoma?" Kisha akasema niwaambie ana kazi usiku, jambo ambalo ni kweli, ana kazi usiku karibu kila siku.

Nilitaka iishie hapo. Nilishaandika safu nzima kichwani: kitabu ni chao, si chetu, kwaherini. Lakini Jumapili iliyofuata mama akakikuta juu ya friji, akakigeuza, akaangalia picha ya nyuma, akauliza, "Huyu naye alikaa kambini miaka mingapi?" Nikamwambia, ukijumlisha Ethiopia na Kenya, zaidi ya 13. Akavuta kiti. "Nisomee."

Mama anaongea Kiingereza cha kazini vizuri, lakini kusoma riwaya hawezi, na hataki. Kwa hiyo ikabidi nisome kimya mstari mmoja na kuutoa kwa Kiswahili, papo hapo, kwa Kiswahili changu hiki mnachokijua. Tukakwama kwenye jina. What Is the What inatokana na ngano ya Wadinka iliyomo kitabuni: Mungu anampa mtu wa kwanza achague, ng'ombe au kitu kingine kisichojulikana, kinaitwa tu "Nini". Mtu anachagua ng'ombe. Nikasema, "Nini ni Nini." Mama akacheka mpaka akashika meza. "Hiyo Nini ni nini?" Nikamwambia hasa, mama, ndilo swali lenyewe.

Tukakwama tena kwenye lile jina wanaloitwa watoto hao kwa Kiingereza, Lost Boys. Jina hilo walipewa na watu wa misaada, limetoka kwenye hadithi ya Kizungu ya Peter Pan. Nikatafsiri: wavulana waliopotea. Mama akanisimamisha.

"Nani alipotea?"

"Hawa watoto."

"Hawa hawakupotea. Si anasema kijiji chake, anasema baba yake alikuwa na duka? Mtu anayejua kwao hajapotea. Walifukuzwa." 

Nikaendelea kusoma nikisema "watoto waliofukuzwa", na tangu hapo ndivyo wanavyoitwa nyumbani kwetu. Angalieni jinsi neno letu lenyewe lilivyo. Mkimbizi ni mtu anayekimbia. Limekuja na mbio ndani yake, halina upotevu. Na kutoka kitenzi hicho hicho tuna kimbilio. Kiswahili kinajua unakokwenda hata kabla hujafika.

Kilichonishangaza ni mambo aliyoyauliza. Mimi niliposoma, macho yangu yalienda kwenye simba, mamba na risasi, nikaona yamepangwa yanitishe, nikajifunga. Mama simba hakumshughulikia kabisa. Alisema tu "mm" kama mtu anayesikia habari ya mvua. Alitaka kujua maji walibeba kwenye nini. Alitaka kujua Kakuma walikuwa wanapewa unga wa njano au mweupe, maana Nyarugusu wa njano ukiletwa watu walinung'unika wiki nzima. Kwenye foleni ya chakula alinikatiza: "Sisi tulikuwaga tunaweka jiwe. Unaandika jina kwenye jiwe, unalala, jiwe linakaa foleni." Miaka 19 nimeishi na huyu mama. Habari ya jiwe sikuwahi kuisikia. Haimo kwenye dakika 7.

Kisha tukafika kwa William K. Ni rafiki wa Valentino, mtoto mcheshi, muongo kidogo, na anakufa njiani. Nilisoma haraka, kwa sababu kusema kweli hapo ndipo nilipohisi zaidi ya popote kwamba mwandishi ananivuta shati. Mama akasema, "Rudi." Nikarudi. "Walimzika?" Nikasoma tena, polepole, kila sentensi, nikijitahidi nisipunguze wala kuongeza, kwa sababu niliona anasikiliza kwa namna nyingine. Nilipomaliza alikaa kimya. Akasema, "Angalau alikuwa na mtu."

Halafu, akiwa bado ameangalia friji: "Bibi tulimuachaga Baraka. Miguu ilikataa. Alisema tutangulie. Sijui nani alimzika."

Naitwa jina la huyo bibi. Nimeitwa hivyo tangu Westmead. Nilijua alikufa "wakati wa vita", kama wanavyokufa watu wengi katika familia zetu, yaani kwa sentensi moja. Sikujua kwamba aliachwa akiwa hai, na kwamba mama yangu alikuwa miongoni mwa waliotangulia, akiwa na miaka 12, na sufuria kichwani. Kwenye faili la HCR bibi ameandikwa kafariki, na mwezi, maana ofisa alihitaji mwezi.

Mama ameniruhusu kuandika haya. Mengine aliyoyasema jioni ile amenikataza, kwa hiyo hayapo hapa na hayatakuwepo kwenye kipindi.

Sasa wengine mtasema, ehee, kumbe kitabu kizuri, kaa kimya. Hapana. Mimi bado hakijanigusa. Nimejaribu tena baada ya jioni ile, nikakaa nacho kwenye treni kutoka Parramatta mpaka Central, nikasikia Kiingereza chake kile kile kinachopanga kila kitu. Lakini kilichosomwa jikoni hakikuwa kitabu kile. Kilikuwa Kiswahili kibovu cha mtoto, mbele ya mtu aliyekuwepo. Eggers aliandika kwa ajili ya wasiokuwepo. Akafanikiwa sana kwao, wale mama wa maktaba machozi yao si ya uongo. Na kumbe kinaweza pia kumfikia aliyekuwepo, kwa sababu hasikilizi hadithi, anasikiliza vitu: jiwe, unga, kaburi. Aliyebaki katikati ni mimi, na ninyi wenzangu. Hatukuwepo, na hatuwezi kujifanya hatujui.

Huko katikati ndiko nataka tukuzungumze, kwa sababu watu wanadhani kizazi cha pili kinapaswa kulia mara mbili, mara kwa ajili yake na mara kwa ajili ya wazazi. Mimi nililia Februari 2025. Goma ilikuwa imeshaanguka Januari, Bukavu ikafuata, na watu kwa maelfu wakavuka Ruzizi kuingia Burundi. Mama mdogo alituma ujumbe wa sauti akiwa uwanja wa mpira wa Rugombo, walikolazwa wakimbizi. Sekunde 40. Alisema tumefika, watoto wamelala, mdogo amepoteza kiatu kimoja, akamalizia kwa kuniuliza mimi kama masomo ya chuo yananiendea vizuri. Hakueleza vita ni nini, nani anampiga nani, mto una upana gani. Mtu anayeongea na mtu wake haelezi. Anataja kiatu. Hicho kiatu ndicho kilinikalisha chini.

Kuna vitabu vinavyojua hilo. By the Sea cha Abdulrazak Gurnah, cha mwaka 2001, kina mzee wa Zanzibar, Saleh Omar, anayetua Gatwick na kujifanya hajui Kiingereza. Anayo maneno mawili tu, ukimbizi na hifadhi. Ofisa anampekua, anamchukulia kisanduku chake cha udi. Mzee sana, si mtoto, si Mkongo, hakuna mtu anayemkimbiza kwa bunduki, na bado nilimtambua kwenye ukurasa wa kwanza wa kunyamaza kwake. Na hapa nyumbani tuna Songs of a War Boy, cha 2016, alichoandika Deng Adut pamoja na Ben Mckelvey. Vita ni ile ile ya kina Valentino, Adut alichukuliwa mtoto akafanywa askari, lakini alifika Australia 1998, akaishi Blacktown, akawa mwanasheria. Zile sura za Blacktown nilizisoma bila kukagua, kwa sababu mitaa ile naijua na hakuna anayenieleza kwamba jina lake lina maana gani.

Basi, kwa yule wa Westmead: sijakataa kuguswa. Ninauliza nani anaongea na nani. Ni swali tunalopaswa kuuliza kila mara tunapopewa kitabu, filamu au onyesho na kuambiwa "hiki ni chenu". Mtu akikupa kwa upendo, pokea, soma. Ila machozi si ada ya kuingilia.

Wengi mmeomba nieleze tunavyosoma na mama, kwa hiyo haya ndiyo tunayoyafanya. Jumapili tu, baada ya chakula, kurasa 3 au 4. Yeye ndiye anayesema tuache, na akisema tuache hatuulizani kwa nini. Simu zinakaa chumbani, sirekodi. Mwanzoni niliweka kinasa mezani, akaanza dakika 7 pale pale, kwa sauti ile ya ofisini, nikakizima mwenyewe. Siulizi kuhusu vita. Nauliza kuhusu unga, foleni, nani alikuwa anasuka nywele vizuri. Na kama kuna siku usingizi unakataa baada ya kusoma, tunapumzika wiki mbili. Ikizidi, hapa New South Wales kuna STARTTS, wamekuwa wakiwasaidia waliopitia mateso na vita tangu 1988, na ukitaka mkalimani unapewa. Si aibu, mjomba wangu amekwenda, sasa anajifanya daktari wa kila mtu.

Kikundi cha maktaba nimewarudishia jibu: mama hatakuja Juni, ana kazi usiku. Nimewaambia mimi nitakuja, nitazungumzia tafsiri, na nitawauliza wao Kakuma maana yake nini. Tuone.

Tumefika Pinyudo na mama. Valentino ameanza shule, wanaandika kwa vidole mchangani. Mama anasema na wao waliandika kwa mkaa juu ya boksi la mafuta ya msaada, na kwamba mwalimu wao alikuwa na shati moja tu, alilifua kila usiku. Amenituma nimtafutie kama kuna kitabu cha watoto wa Nyarugusu. Kama yeyote kati yenu anakijua, kwa lugha yoyote, niandikieni, nina mtu anakisubiri.

Kipindi kijacho ni kuhusu mahari kwa awamu, na mgeni wetu ana hasira. Tumeni ujumbe wa sauti kabla ya Alhamisi, usizidi dakika moja, jamani, si ile ya mwezi uliopita. Salamu kwa wa Auburn, wa Mount Druitt, na wa Nyarugusu mnaotusikiliza kwa kuazimana simu. Tuonane.